Kikosi cha fantasi kipangwe kwa dakika, si kwa majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie safu yenu ya Jumamosi inayopendekeza wachezaji wa fantasi ya Ligi Kuu ya England, ule mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Huku Mbeya inasomwa sana, ila inataja majina bila kueleza kikosi kinavyokaa, tena inatoka siku isiyo na msaada.

Nianze na siku. Fantasi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Kama ni ile ya mapema Jumamosi, kwa saa zetu mwisho ni saa 7:00 mchana. Waingereza wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, ni saa 8:00. Raundi ikianza Ijumaa usiku, ndiyo basi tena. Msomaji wa Tukuyu au Makete anayelipata gazeti mchana anasoma ushauri wa kikosi asichoweza kukigusa. Itoeni Alhamisi.

Sasa kikosi chenyewe. Una pauni milioni 100 za kununua makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, wasiozidi 3 kutoka klabu moja. Mwandishi wenu hupenda benchi la bei ya kutupa ili fedha ziende kwa mastaa. Kwa kipa wa pili, sawa. Wa milioni 4 anatosha kama wa kwanza ana uhakika wa namba. Kwa mabeki ni kujitafutia balaa. Tuseme umepanga 3-5-2 (mabeki 3, viungo 5, washambuliaji 2), na benchi lina mabeki wawili wasiochezeshwa pamoja na straika anayeanza kila wiki. Beki wako mmoja akiumia akipasha misuli, straika yule haingii hata akifunga mawili, kwa sababu mabeki hawaruhusiwi kupungua 3. Unamaliza na watu 10, yote hayo kwa kubania nusu milioni ya beki anayecheza.

Halafu dakika. Sabu, yaani mchezaji wa benchi, huingia pale tu mchezaji uliyempanga asipocheza kabisa. Staa akiingizwa dakika ya 88 unapata pointi 1 yake, huku beki wa benchi aliyecheza dakika 60 bila timu yake kufungwa akibaki nje na pointi 6. Staa huyo akiwa nahodha, ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili, 1 inakuwa 2 na nahodha msaidizi harithi kitu. Kwa hiyo nahodha apimwe kwanza kwa uhakika wa kuanza, kisha kama anapiga penalti, ndipo mpinzani. Msaidizi atoke mechi nyingine, maana wakiwa mechi moja nayo ikaahirishwa, unawakosa wote wawili.

Kuna jambo safu yenu bado hailigusi. Tangu msimu wa 2025/26, beki akifikisha matendo 10 ya ulinzi (kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi, kupokonya mpira) anapata pointi 2 hata timu ikilala. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa muda wote, wa bei nafuu, sasa ana faida, ingawa kila mabao 2 yanayofungwa humkata pointi 1. Ninyi mnasifia mabeki wa pembeni wa klabu kubwa tu.

Usajili wa ziada, yaani kubadili mchezaji zaidi ya nafasi za bure, hukatwa pointi 4, sawa na bao la straika, na wa bure hulimbikizwa hadi 5. Aliyefunga Jumapili asinunuliwe Jumatatu wakati kuna mechi za Ulaya katikati ya wiki, maana anaweza kuumia huko. Hofu ya bei kupanda imetiwa chumvi: mchezaji uliyemnunua kwa milioni 7.0 akifika 7.3 unamuuza 7.1, kwani faida hugawanywa nusu na kushushwa.

Kando ya kila jina wekeni dakika za mechi tano zilizopita, kama anapiga penalti, na wapinzani watatu wanaofuata. Picha kubwa ya nahodha ikipunguzwa, jedwali hilo linaenea.

Msomaji,
Mwanjelwa, Mbeya