Namba yangu si dhamana ya mkopo wa jirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonikuta mwezi uliopita, mimi ambaye sijakopa popote wala sijamdhamini mtu.

Ilikuwa saa nane mchana, nimetoka kuanua nguo. Ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua. Iliandikwa majina yote matatu ya jirani yangu na namba yake ya simu, kisha ikasema huyu ni tapeli, ametoroka na pesa za watu, wewe ni mdhamini wake, mwambie alipe kabla ya saa kumi la sivyo picha yake itasambazwa. Jirani huyo hukaanga samaki. Alfajiri yuko soko la samaki la Deep Sea akigombea vibua, jioni meza yake iko barazani, na mtaa wetu hapa Ngamiani wote unakula kwa mikono yake. Nilikuwa namsikia akisugua karai upande wa pili wa ukuta wakati ninasoma kwamba ametoroka.

Baadaye nilijua kwamba meseji ile haikunijia mimi tu. Ilimfikia ustadhi wa madrasa anakosoma mwanawe, fundi aliyemchimbia choo, wateja wanaoagiza kwa simu, wanachama wa kikoba chetu, na mkwewe wa Muheza. Mhariri, unajua mkwe ni nani. Mama huyu akitembelewa na mkwewe hujitanda kanga mbili, huongea kwa sauti ya chini, na chakula huandaliwa kila mtu chumba chake. Miaka sita wamestahiana hivyo. Siku moja mkwe anafungua simu yake kazini, anasoma kwamba mama mkwe wake ni mwizi.

Chanzo chake kilikuwa shilingi laki moja. Aliletewa kiungo kwenye simu, mkopo wa dakika tano, bila dhamana. Programu ikaomba ruhusa ya kuona majina na namba zilizo kwenye simu, na picha. Akakubali, kwani asipokubali haiendelei. Zilizoingia ni 65,000, nyingine wakaziita ada. Siku ya saba akatakiwa kurudisha 115,000. Wiki ile bahari ilichafuka, samaki hakuna. Siku ya nane asubuhi wakaanza kututumia meseji.

Waliposema "bila dhamana" walisema uongo. Dhamana ilikuwepo, nayo ni sisi tulioandikwa kwenye simu yake: watu wa kumzika, wa kumwozea, wa kumshika mkono akiugua.

Sitetei asiyelipa. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 28, na huu ni mwaka wangu wa 11 wa kudai watu marejesho. Dawa ya deni kulipa. Lakini kudai nako kuna adabu yake, na adabu hiyo tulirithi. Mwanachama akichelewa, tunakwenda wawili, asubuhi kabla barabara haijajaa watu. Tunapiga hodi, tunaulizana hali, tunaulizia watoto. Kama ana mgeni, tunakunywa chai na kuondoka, deni halitajwi. Tukirudi mara ya pili, ndipo tunaongea, tena ndani. Faini ipo, na ya tatu inauma. Katika miaka hiyo 11 waliotushinda kabisa ni wawili.

Hata duka la Mangi nililokuwa nachukua unga kwa mkopo nilipokuwa mwalimu, mishahara ikichelewa, lilikuwa na daftari. Akiingia mteja mwingine, Mangi alilifunga daftari lile kwanza ndipo akaulizwa bei ya sukari. Najua yapo maduka yaliyobandika majina ya wadaiwa ukutani, na hatukuyapenda. Ila karatasi ya ukutani iliona mtaa mmoja, na mwenye jina angeweza kulipa jioni ikabanduliwa mbele yake. Hii ya simu nani ataibandua?

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga ni uchungu, kweli, lakini mfiwa hukaa na watu. Hawa wamemfanya mtu alie peke yake, kwa kuwa kila ambaye angemwendea kueleza shida yake ameshaambiwa kuwa yeye ni tapeli.

Na hapa nina langu la kukiri. Meseji ile nilipoisoma nilistuka, nikamwonyesha mke wa mwanangu. Sikusema neno baya, nilimwonyesha tu. Kabla ya magharibi picha ya meseji ileile ilikuwa kwenye kundi letu la kikoba la WhatsApp, na chini yake vikatuno vya kushika mdomo. Sijui aliyeituma aliitoa kwangu au kwenye simu yake mwenyewe. Najua kwamba nilikuwa na uwezo wa kuiacha imalizikie mkononi mwangu, na sikuiacha.

Jumamosi hiyo hakuja kikaoni. Wala iliyofuata. Ya tatu nikaenda kwake. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaendelea kuparua samaki bila kuniangalia. Akasema, "Mwalimu, hela yao nimewamalizia. Nimeuza cherehani. Sasa watu wote wale nianze kwa nani kueleza?"

Nilikosa jibu, ndiyo maana nimeandika.

Sheria tunazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Rais Samia akaizindua Tume yake Aprili 2024. Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Google nayo tangu mwisho wa Mei 2023 imezikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma namba na picha za wateja, na nadhani ndiyo sababu jirani yangu aliletewa kiungo cha kupakulia pembeni. Nashukuru kwa yote hayo. Lakini tangazo la Benki Kuu mkaanga samaki hakuliona. Liko kwenye tovuti na magazetini. Kiungo cha mkopo kiko mkononi mwake. Orodha ya wenye leseni ibandikwe kila ofisi ya mtaa na kila soko, palepale panapobandikwa matangazo ya chanjo, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anazisoma bila miwani.

Jambo jingine ni la laini za simu. Sote tulipanga foleni tukasajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, wazee wengine mikono imechakaa kwa kulima hadi mashine ikakataa kuwasoma, wakarudi mara tatu. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu. Basi namba iliyonitumia meseji ile ina vidole vya mtu. Nimeipeleka 15040 kama tunavyoelekezwa kuhusu matapeli, kwa sababu kuniita mdhamini ni utapeli. Nangoja kusikia kidole hicho ni cha nani.

Na Tume naiomba isisubiri wakopaji. Wao wanaona haya, na wengi wanadhani walipobonyeza kukubali haki yao yote ilikwisha. Mimi sikubonyeza kitu. Jirani yangu aliruhusu yake. Namba yangu, jina langu alivyoliandika kwenye simu yake, hivyo hakuwa na uwezo wa kumpa mtu. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za kwao, na waliolalamika walikuwa watu ambao majina na namba zao zilichukuliwa kwa watu wengine, wakatumiwa vitisho. Ni kesi yangu ileile. Malalamiko yangu nimeshayaandika. Naomba na wengine waliowahi kupokea meseji za namna hii waandike ya kwao, maana sisi ndio tuliotumiwa kama fimbo.

Kikoba chetu kimeongeza kanuni. Mwanachama akipokea meseji ya deni la mwenzake, asiionyeshe wala kuituma kwa yeyote. Aende kwa miguu kwa mhusika, amwonyeshe yeye peke yake, na amuulize kama ana shida tunayoweza kuibeba kwa mfuko wa jamii. Anayeonyesha wengine atalipa faini ya shilingi 5,000. Faini ya kwanza niliilipa mimi Jumamosi iliyopita. Jirani bado hajarudi kikaoni. Hisa zake tunaendelea kumwekea.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga