Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi: msimwache dereva peke yake

Mheshimiwa Waziri, salaam. Mimi ni mkaguzi wa mabehewa, zamu ya usiku, kazi ambayo wengi hata hawajui kama ipo. Tunasikia treni za mizigo zitabaki na dereva mmoja tu, eti mitambo siku hizi inafanya kila kitu. Sasa kabla hujasaini naomba unisikilize kidogo.

Treni ikipita wewe unaona kichwa na dereva kakaa dirishani. Humwoni karani aliyehakikisha tani hazijazidi na mzigo haujalalia upande mmoja, maana hapo behewa linaacha reli kwenye kona. Humwoni shanta anayeingia katikati ya mabehewa kuunganisha mabomba ya hewa, akiteleza basi tena, dereva yuko mbali anategemea taa ya mkononi na redio tu. Na mimi ndo natembea treni nzima na tochi, naenda upande huu narudi upande ule, mvua inyeshe isinyeshe, naangalia magurudumu, springi, breki, sili za milango, na beringi iliyopata moto (hiyo sogeza kiganja karibu utaisikia, usiishike).

Ila shida yangu kubwa ni breki. Breki za treni ni za hewa na hewa inavuja. Injini ikizimwa, kompresa inayosukuma hewa nayo kimya, hewa inapungua pole pole mpaka breki zinaachia. Ndo maana treni inayolala lazima ifungwe breki za mkono, behewa moja moja, unapanda unazungusha usukani wa chuma mpaka mabega yanawaka, unashuka unaenda lingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013 huko Kanada, dereva aliyekuwa peke yake aliegesha kwenye mteremko treni yenye matenki 72 ya mafuta ghafi, akafunga breki za mkono 7, akazijaribu huku breki ya hewa ya injini bado imeshika kwa hiyo akaona ziko poa, akaenda kulala. Injini ikashika moto, zimamoto wakaja wakauzima na injini ikazimwa, hewa ikaisha, treni ikashuka yenyewe hadi mji wa Lac-Mégantic na kulipuka. Watu 47 wakafa. Wachunguzi walisema zilihitajika breki za mkono 17 kwa uchache.

Simtetei. Lakini wewe mwenyewe fikiria, umechoka, usiku, mko wewe na giza, unatakiwa ufunge kumi zaidi. Mwenzako angekuwepo si angesema oya, hizi hazitoshi?

Kwa hiyo naomba kwenye treni wawe watu wawili, na muda wa ukaguzi usihesabiwe kama ucheleweshaji. Hili la pili linaniuma kwa sababu niliwahi kulitoa kwenye treni behewa lenye gurudumu lililopasuka, badala ya asante nikaambiwa niandike barua ya kujieleza kwa nini treni imechelewa, yaani nilijieleza kama mwizi. Vijana walioona lile wanakagua kwa woga, wengine wanatia tiki tu.

Mheshimiwa, njoo siku moja yadini saa nane usiku, bila msafara. Vaa buti. Tochi ya ziada ninayo.