Tufe la Bowling Halipindi Kwenye Mafuta? Lete Tulitie Msasa Kabla Hujanunua Jipya

Jumatatu iliyopita alikuja mteja kutoka Mukono, kapanda teksi na tufe lake la bowling la pauni 15 kalipakata kwenye begi. Hata hakukaa. "Kaka, niuzie kali kuliko hili. Hili limekufa, linakwenda moja kwa moja tu." Nililitoa kwenye begi nikalishika. Ganda lilikuwa linang'aa kama sufuria mpya, na nilipopitisha kidole kikatoka na utando wa mafuta. Lilikuwa tufe zuri la resini, halijafa hata kidogo. Nilimrudisha nyumbani bila kumuuzia kitu, na tufe likabaki kwetu usiku mmoja.

Wateja wengi wanakuja na lalamiko hilohilo, kwa hiyo nieleze kinachotokea.

Toka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele, ya kwanza kati ya zile kumi unazoangusha, ni futi 60, yaani mita 18 na ushee. Kwa kawaida mashine hupaka mafuta futi 40 hivi za mwanzo ili kulinda sakafu, na zinazobaki huachwa kavu. Katikati mafuta huwa mazito, pembeni mepesi. Tufe likiwa juu ya mafuta huserereka. Likifika pakavu linashika, linapinda, kisha linabingirika hadi kwenye pini. Mafuta yakiwa mengi, au yakisogea mbele, tufe linachelewa kushika, na likija kushika nafasi ya kupinda imekwisha.

Na mafuta husogea kweli. Kwenye kumbi zetu watu wengi huja kujiburudisha na matufe ya plastiki ya ukumbini. Plastiki hainywi mafuta, inayaburuta mpaka pale palipokuwa pakavu. Ndiyo maana mtu anakwambia saa kumi tufe lilikuwa linapinda vizuri, saa moja jioni linagoma, na mkono ni uleule.

Anayepanda boda Kampala baada ya mvua anaijua tofauti ya tairi kipara na tairi lenye meno. Ganda la tufe ni vilevile. Msasa unalichonga meno madogo yasiyoonekana kwa jicho, na meno hayo hupenya mafuta yakaifikia sakafu. Namba ya msasa ikiwa ndogo, mkwaruzo ni mkubwa. Tufe lililong'arishwa, au lililoishia kwenye 4000, litaserereka mbali sana. 2000 ni ya wastani. Kwa mafuta mazito tunashuka hadi 1000, mara chache 500. Sipendi kukimbilia 500, kwa sababu tufe lililokwaruzwa mno hushika mapema, likamaliza nguvu njiani. Linafika limechoka, linagonga palepale ulipolenga, na pini namba 10, ile ya nyuma pembeni kulia, inabaki imesimama. Hilo linauma kuliko kukosa kabisa.

Unaweza kujitilia msasa nyumbani, ila tafadhali usikwaruze upande mmoja tu. Sisi tunaliweka kwenye mashine inayolizungusha, tunapiga kila upande kwa maji na muda sawa. Na ujue meno hayo hayadumu: kadiri unavyocheza ndivyo ganda linavyolainika tena. Kwenye mashindano rasmi huruhusiwi kupiga msasa mchezo ukishaanza, basi lifanye kabla.

Sasa usafi, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo matufe mengi mazuri yanapoharibikia. Resini ina vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana, inakunywa mafuta kila mchezo. Futa tufe kwa taulo kila baada ya kurusha. Ukimaliza kucheza, lingali na joto, lifute kwa alkoholi ya aisopropili kutoka duka la dawa. Soma chupa kwanza, kwa sababu baadhi ya spiriti za vidonda zimetiwa mafuta, na hapo utakuwa unalipaka upya ulichotaka kukitoa. Likishiba kabisa, ziba matundu ya vidole kwa utepe usiopitisha maji, lilaze kwenye ndoo ya maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, na sabuni ya vyombo kidogo, kwa dakika 20 hivi. Utayaona mafuta yakielea. Usiliweke karibu na sigiri, usiliache kwenye buti ya gari juani. Joto hupasua ganda, na ufa siwezi kukurekebishia nikakuahidi litakuwa kama zamani.

Kama tufe lako ni la plastiki, msasa hautakusaidia sana. Hapo ndipo nitakuonyesha la resini, na nitakuuliza unacheza wapi na saa ngapi kabla sijakutajia bei.

Mkono nao una lake. Punguza mwendo: anza kubembea tufe likiwa chini kidogo, karibu na kiuno badala ya kifuani. Acha kidole gumba kitoke kwanza, vidole viwili vilizungushe kutoka ubavuni, kama unayenyoosha mkono kumsalimu mtu. Usiupindue mkono juu ya tufe, utaumiza kiwiko na tufe halitapinda. Kidole gumba kikikwama, tundu ni dogo. Tunalipanua ukiwa umekaa hapohapo. Na kwa anayetumia mkono wa kulia, mafuta yakizidi sogea kulia ukacheze pembeni palipo na mafuta mepesi. Wa kushoto afanye kinyume.

Yule wa Mukono tulimtolea mafuta, tukampigia 2000 kisha 1000. Alilichukua Jumanne jioni. Jumamosi akanipigia simu akiwa ukumbini, kelele za pini nyuma yake, kuniuliza asogee kulia mbao ngapi zaidi za sakafu.