Malalamiko kuhusu sura ya nne ya kitabu chenu: merikebu zilizotekwa baharini karne ya 17

Tanga,
14 Mei 2024

Meneja wa Uhariri,
Kampuni ya Uchapishaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MAKOSA KATIKA SURA YA NNE NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Tafadhali rejea mazungumzo yangu ya simu na ofisi yako ya mauzo, ambako niliambiwa niandike malalamiko haya kwa barua ili yakufikie wewe mwenyewe.

Mwezi Januari shule yetu ilinunua nakala 24 za kitabu chenu cha historia ya biashara ya baharini, kila moja kwa shilingi 18,000, jumla shilingi 432,000, fedha ambazo wazazi walizichanga kwa ajili ya maktaba. Karatasi ni nzuri, jalada ni imara, na sura tatu za mwanzo nimezifundisha bila kinyongo. Sura ya nne, inayohusu utekaji wa merikebu za wafanyabiashara katika karne ya 17, siwezi kuifundisha kama ilivyo.

Makosa madogo nayapitia haraka, maana hayo yanasahihishika kwa kalamu. Ukurasa wa 43 unasema Santa Catarina ilikuwa merikebu ya Waholanzi iliyotekwa na Wareno, na kweli ni kinyume chake. Ukurasa wa 45 unadai kwamba nahodha William Kidd ndiye aliyeiteka Ganj-i-Sawai, merikebu ya Aurangzeb, mfalme wa Dola ya Mughal ya India, iliyokuwa ikirejea bandari ya Surat na mahujaji. Merikebu hiyo ilitekwa na haramia wa Kiingereza, Henry Every, mwaka 1695, wakati Kidd hajang'oa nanga kwenda Bahari ya Hindi.

Kosa lisilofutika kwa kalamu ni kwamba sura nzima inamwita kila mtekaji haramia, na haitaji cheti wala hati hata moja, ilhali katika karne ile karatasi ndiyo iliyomtenga haramia na mtu aliyeruhusiwa na serikali yake kuteka mali ya adui. Watu wa mwambao wetu walilijua hilo mapema, kwa kuwa Wareno walivilazimisha vyombo vya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi kuchukua cheti kilichoitwa cartaz, na chombo kilichokutwa bila cheti hicho kilihesabiwa kuwa nyara pamoja na shehena yake. Nilitegemea kitabu kinachouzwa kwa shule za hapa kianzie hapo.

Hiyo Santa Catarina yenyewe ingewafaa sana. Nahodha wa Kiholanzi, Jacob van Heemskerck, aliiteka tarehe 25 Februari 1603 karibu na Singapore, ikiwa imesheheni hariri na vyombo vya kauri kutoka China, na shehena hiyo ilipouzwa Amsterdam ilileta zaidi ya guilder (fedha ya Kiholanzi) milioni tatu. Tatizo ni kwamba hati zake zilimruhusu kutumia nguvu kwa kujilinda tu, hazikumruhusu kwenda kuwinda merikebu za watu. Mwaka 1604 mahakama ya masuala ya bahari ya Amsterdam iliamua kwamba nyara ile ilikuwa halali, na Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ikamwomba mwanasheria kijana, Hugo Grotius, aandike utetezi wake. Kumbe mabishano juu ya uhuru wa bahari, ambayo wanafunzi wetu huyasoma kama falsafa tupu, yalitokana na kesi ya mali iliyoporwa! Kitabu chenu kimeyapa mistari miwili, na mmoja wa mistari hiyo ndio huo wenye kosa.

Kuhusu Kidd, hapo ndipo darasa langu liliponishinda. Maelezo chini ya picha ya ukurasa wa 46, ambayo mchoraji ameiwekea kasuku begani, yanasema alitumwa na Mfalme William III wa Uingereza, na aya iliyo pembeni yake inasema alikuwa haramia tangu ujana. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliweka kidole kimoja kwenye picha na kingine kwenye aya, akaniuliza, "Mwalimu, huyu alitumwa au hakutumwa?" Sikuwa na la kumjibu kutoka ndani ya kitabu.

Alitumwa. Alikuwa na hati ya kukamata maharamia na nyingine ya kuteka merikebu za Wafaransa, waliokuwa vitani na Uingereza. Mwaka 1697 alipita Visiwa vya Komoro, akaikwangua merikebu yake upande wa chini ili kuisafisha huko Mwali, ambako mabaharia wake wapatao 50 walikufa kwa maradhi. Tarehe 30 Januari 1698, karibu na pwani ya Malabar, alitweka bendera ya Ufaransa ili kuihadaa Quedagh Merchant, iliyokodiwa na wafanyabiashara wa Kiarmenia ikiwa na hariri, melimeli, sukari, shura (chumvi ya kutengenezea baruti) na afyuni. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyeletwa mbele yake kama nahodha alikuwa mzee wa Kifaransa mwenye cheti cha Kifaransa, ambaye baadaye alikiri kwamba yeye ni mpiga mizinga tu. Nahodha halisi alikuwa Mwingereza.

Kidd alivihifadhi vyeti viwili vya Kifaransa, kimoja cha merikebu hiyo na kingine cha chombo alichokiteka kabla yake, akiamini ndivyo vitakavyomwokoa, kwa kuwa vilionyesha kwamba vyombo hivyo vilisafiri chini ya Wafaransa, ambao hati yake ilimruhusu kuwateka. Vilipelekwa London, lakini kesi yake ya uharamia iliposikilizwa mwezi Mei 1701 havikuonekana mahakamani. Alinyongwa tarehe 23 mwezi huohuo huko Wapping, na kamba ilikatika mara ya kwanza akapandishwa tena. Vyeti vilikuja kupatikana katika nyaraka za serikali mwanzoni mwa karne ya 20. Sisemi Kidd hakuwa na hatia, kwani alipatikana pia na hatia ya kumuua baharia wake kwa kumpiga na ndoo. Nasema mwanafunzi hawezi kuipima hukumu ile ikiwa vyeti vyenyewe vimeondolewa kwenye simulizi.

Ofisi yako ya mauzo ilinijibu kwamba "hiki ni kitabu cha watoto tu." Jibu hilo lilinisikitisha kuliko makosa yenyewe, kwa sababu watoto hao watafanya mtihani.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mambo mawili: sura ya nne iandikwe upya na nakala zake zitumwe shuleni bila malipo, au mzichukue nakala zote 24 na kurejesha shilingi 432,000 katika akaunti ya shule. Nakala zimefungwa kabatini, hazijachorwa wala kukunjwa. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 14 Juni, kwa kuwa Julai nitaingia tena darasani na mada hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia
Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Maktaba ya Shule