Data ya miamba ianzie pale mtambo unapochimba

Mhariri,

Wataalamu wa madini na ramani wanaokutana katika hoteli za jiji hili wamezungumza sana kuhusu mfumo mmoja wa kimataifa wa kuhifadhi na kubadilishana data ya jiolojia. Naunga mkono. Ila mimi ni msimamizi wa mtambo wa kuchimba visima, kazi iliyonizungusha kutoka Ruai hadi Namanga, na naona nyumba hii inaanza kujengwa kutoka paa. Wanajadili seva, zile kompyuta za kuhifadhia data, na wafadhili. Hakuna anayeuliza ile karatasi ninayoijaza kando ya mtambo ina nini.

Acha nieleze inavyotokea. Kila baada ya mita 2, kijana mmoja hukinga vumbi la mwamba linalorushwa juu na hewa ya kompresa, akalimwaga chini kwa mafungu yaliyopangwa safu. Anatia kiasi cha kiganja kwenye mfuko wa plastiki na kuandika kina kwa kalamu ya wino mzito. Ukiifuata safu hiyo unaisoma Nairobi kwenda chini: udongo mweusi unaong'ang'ania viatu, tufu ya kijivu iliyotokana na majivu ya volkano, kisha fonolaiti, lile jiwe gumu ambalo huko Mlolongo hupondwa kuwa kokoto. Halafu huja mchanga na udongo wa maziwa ya kale ya Athi. Maji mengi tunayoyatafuta yamo humo, na mara nyingi sharti upite mita 200 kuyafikia. Ukizidi kushuka kuna fonolaiti nyingine, ya Kapiti, na chini yake miamba mikongwe ya Ukanda wa Msumbiji, mkanda wa mawe ya kale unaopita Afrika Mashariki.

Hiyo mifuko huishia stoo. Plastiki hukauka ikapasuka, wino hufifia, na panya hawana habari na jiolojia.

Kisima kikikamilika, sheria inataka kumbukumbu zake zikabidhiwe serikalini, nasi tunazikabidhi. Shida ni kuzipata tena. Nimewahi kwenda ofisi fulani kuulizia kisima kilicho ng'ambo ya ua wa mteja wangu. Faili ilipatikana baada ya kuzungushwa sana, na ndani yake, kuanzia mita 40 hadi 160, kumeandikwa "jiwe jeusi, gumu". Basi. Fonolaiti ni nyeusi ikilowa, na basalti, jiwe jingine la volkano, pia. Matokeo ya maabara hayakuwemo. Mteja akachimba, maji yakatoka kwa wingi, na yakakutwa na floridi, chumvi inayoharibu meno na mifupa ikizidi, inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Sasa yanafua nguo na kusafisha vyoo, huku familia ikinunua ya kunywa kwa mitungi. Jirani alikuwa na cheti cha maabara chenye habari hiyohiyo, amekifungia kwenye droo. Hakuna aliyemwomba.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi hotelini, nalo ni mahali. Ramani zetu za zamani hutumia mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960. Simu na GPS hutumia mwingine, WGS84. Nambari zilezile ukizisoma kwa mfumo usio wake, kisima kinahama karibu mita 300. Kule Kitengela hizo ni ploti za watu wangapi? Fomu nyingi ninazoletewa na wenzangu hazisemi ni mfumo upi uliotumika. Data ya namna hiyo hata ukiipeleka kwenye seva ya dhahabu, itabaki kuwa kisima kilicho kwenye shamba la mtu mwingine.

Sisemi wenye fani wamelala. Mwaka wa 2007 mashirika ya jiolojia ya nchi mbalimbali yalikutana Brighton, Uingereza, yakaanzisha OneGeology, ramani ya dunia kwa skeli ya 1:1,000,000. Ninachokipenda ni kwamba kila nchi inaweka ramani yake kwenye seva yake yenyewe, na anayefungua tovuti anaziona zimeungana. Isiyo na seva huhifadhiwa na shirika la nchi nyingine. Imeundwa pia lugha ya kompyuta iitwayo GeoSciML, inayoweka namna moja ya kueleza mwamba, umri wake, nyufa na hata kisima, ili mashine ya Dodoma na ya Nairobi zisibishane. Lakini kwa skeli hiyo, milimita moja ya ramani ni kilomita nzima ya ardhi. Mteja wa Ruai haimfai. Na seva ya nchi ikizimika, kipande chake hakionekani. Sisi tunaoijua stima yetu tunaelewa.

Sababu ya kushirikiana na nchi jirani ninayo kwenye mfereji. Sehemu ya maji ya Athi River na Kitengela huja kwa bomba la Nolturesh, kutoka chemchemi zilizo upande wa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Mvua inanyesha mlimani Tanzania, maji yanapita ndani ya mawe ya volkano, yanaibukia Kenya bila kupigwa muhuri Namanga. Mwanajiolojia mwenye kumbukumbu za upande mmoja tu hawezi kutuambia tuvute kiasi gani.

Najua wapo watakaosema tukifungua data, wageni watajua madini yetu yaliko. Ripoti za jiolojia zilizochapishwa enzi za ukoloni zimo kwenye maktaba za Ulaya tangu zamani. Anayebaki gizani ni mwananchi wa hapa anayelipia kuchimba kwa mita. Hata hivyo kampuni iliyotumia pesa zake kupima dhahabu haipaswi kuanika kila kitu kesho yake. Iwekewe muda maalumu, ukiisha data ifunguliwe. Kwa visima vya nyumbani, jina la mwenye ploti liondolewe, yabaki mahali, kina, aina ya mwamba na ubora wa maji.

Naomba wanaosimamia maji na wanaosimamia madini wakae meza moja, waandike fomu moja fupi inayojazwa kwenye simu, yenye orodha ya miamba ya kuchagua na inayochukua mahali kwa WGS84 yenyewe, hata pasipo na mtandao. Waijaribu na wenzao wa Tanzania kati ya Kajiado na Longido kabla ya kununua seva yoyote. Na kwenye kikao cha kuiandika, waalike wachimbaji wawili watatu wenye matope kwenye buti. Nauli tutajilipia.

Msimamizi wa mtambo wa visima,
Embakasi, Nairobi