Barua ya malalamiko: Boksi linasema MiG-21MF, ndani kuna ndege nyingine

Ipagala,
Dodoma.
18 Agosti 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA SETI YA MODELI ISIYOLINGANA NA MAELEZO YA BOKSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Julai nilinunua kwenu seti ya plastiki ya kuunganisha ndege ya kivita ya Kisovieti MiG-21MF, skeli 1:48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), pamoja na chupa ya gundi ya plastiki na rangi za akriliki. Nililipa shilingi 185,000 kwa simu, nauli ya kifurushi ikiwa juu yangu, na mzigo ukaja kwa basi hadi stendi ya Nanenane. Risiti ninayo, ujumbe wenu wa kuthibitisha oda ninao, na picha nilianza kuzipiga tangu boksi likiwa bado limefungwa. Mhudumu wenu amenijibu kwa WhatsApp kwamba suala hili limeshafungwa. Kwangu halijafungwa, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Boksi limeandikwa MiG-21MF kwa herufi kubwa, na mchoro wa juu ni wa MF. Kitabu cha maelekezo nacho ni cha MF. Lakini fremu za plastiki zilizomo, zile zinazoshikilia vipande vya kuunganisha, ni za MiG-21F-13, toleo la zamani zaidi la ndege hiyo.

Nilishtuka nilipotafuta kioo cha chumba cha rubani. Kitabu kinaonyesha vipande viwili: kioo cha mbele ambacho hakisogei, na kifuniko kinachofunguka kuelekea upande wa kulia. Kwenye fremu ya vioo niliyoletewa kuna kipande kimoja tu kirefu, kioo cha mbele na kifuniko vikiwa kitu kimoja. Hicho ni cha F-13, ambayo kifuniko chake kimefungwa bawaba kwa mbele na huinuka chote kwa pamoja kuanzia nyuma. Basi nikachukua nusu mbili za kiwiliwili, nikazishikanisha kwa mkono bila gundi, nikaanza kukagua kimoja kimoja. Mkia wima ni mwembamba, wakati wa MF ni mpana. Mgongo wa nyuma ya rubani hauna ile nundu nene ya MF. Mdomo wa kuingizia hewa puani ni mdogo, na koni yake, ile ncha iliyochongoka katikati ya mdomo, ni ndogo. Ule mrija mrefu wa kupimia mwendo wa ndege unakaa chini ya mdomo, ilhali kwenye MF uko juu. Tumboni, mahali ambapo MF hubeba mzinga wa GSh-23 wa mitutu miwili, pako laini kabisa; badala yake upande wa kulia kuna nafasi ya mzinga mmoja wa milimita 30. Hata mabawa yana alama ya kuning'iniza silaha sehemu moja tu kila upande, na MF ina mbili.

Nilimweleza mhudumu haya yote na picha nikamtumia. Akanijibu: "Zote ni MiG-21."

Ndugu Meneja, naomba unisikilize hapa kwa utulivu, kwa sababu ndiyo roho ya malalamiko yangu. F-13 ni ndege ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyepesi, ya kupigana mchana, yenye kirada kidogo cha kupimia umbali tu. Wasovieti walipotaka ndege ibebe rada ya kumtafuta adui usiku na mawinguni, rada hiyo iliwekwa ndani ya koni ya pua. Koni ikikua, mdomo unaoizunguka lazima utanuke, la sivyo injini itakosa hewa. Pua ikinenepa, ndege inapungukiwa na uthabiti, kwa hiyo mkia nao ukapanuliwa. Hatua kwa hatua wakafika kwenye MF, ndege ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kilichobaki karibu vilevile ni upana wa mabawa, mita 7.15 kutoka ncha hadi ncha, yaani karibu sentimita 15 kwenye skeli 1:48. Anayezitazama kwa juu juu anaweza kudhani ni ndege moja. Anayekaa nazo mezani na kisu na msasa hawezi kudhani hivyo, na ni yeye aliyewalipa.

Kazi yetu sisi tunaounganisha modeli ni kipimo. Tunanunua picha, tunasoma michoro, tunahesabu milimita, tunakwangua plastiki mpaka maungio yapotee, kwa sababu tunataka kitu kilicho mezani kifanane na kile kilichoruka angani. Hakuna rangi wala msasa utakaoigeuza F-13 kuwa MF. Ningelazimika kutengeneza upya pua, mgongo, mkia na tumbo, na hapo sijui ningekuwa nimenunua nini kwenu.

Ninayo sababu ya kuitaka MF na si nyingine. Baba yangu mkubwa, ambaye sasa anaishi Kondoa, alikuwa askari katika vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia nchi yetu Oktoba 1978, Jeshi la Anga la Uganda lilikuwa na MiG-21MF, na majeshi yetu yalipoiteka Entebbe Aprili 1979, ndege za aina hiyo zilikutwa pale uwanjani. Baba mkubwa alizipita kwa miguu, akazigusa. Mpaka leo anaeleza jinsi pua ilivyokuwa na lile koni na jinsi mkia ulivyokuwa mpana. Nimekusudia kumtengenezea ndege ileile aliyoiona. Mzee wa umri wake, mwenye kumbukumbu kama ile, sithubutu kumpelekea ndege yenye mkia mwembamba nikamwambia ndiyo yenyewe.

Labda mtasema F-13 ningeweza kuigeuza kuwa F-7 ya Kichina, ambayo ilitokana na F-13 na ambayo nchi yetu iliwahi kuwa nayo. Ni kweli, na hiyo ni modeli ambayo ningeipenda sana. Siku nikiitaka nitaiagiza kwa jina lake.

Jambo la pili ni gundi. Chupa mliitumbukiza ndani ya boksi la modeli, juu ya fremu, bila mfuko wala karatasi. Ilifika kifuniko kikiwa kimelegea na nusu ya gundi imemwagika. Mnaouza vitu hivi mnajua kwamba gundi hii hufanya kazi kwa kuyeyusha polistireni, yaani plastiki yenyewe ya modeli, ili vipande viwili viwe kimoja. Hainati kama gundi ya karatasi ambayo ingekauka ikabanduliwa. Bawa la kushoto limeyeyuka upande wa juu, eneo la ukubwa wa kidole gumba. Ile mistari myembamba inayoonyesha maungio ya mabati imetoweka, plastiki imekunjamana, na ubavuni kuna kipande cha karatasi ya kitabu kilichogandia hapo na hakitoki. Hewa ndani ya buti la basi mchana, kati ya Morogoro na Dodoma, mnaijua joto lake. Chupa ya namna hiyo hufungwa peke yake, imesimama, ndani ya mfuko uliozibwa.

Stika za maji, zile za alama na maandishi ya ndege zinazolowekwa ili ziachie karatasi yake, nazo zimezeeka. Nilijaribu moja ndogo kabisa ya maandishi ya onyo, ile ambayo hata ikiharibika haionekani, na ilipoingia majini ilivunjika vipande vipande kabla haijaachia karatasi. Karatasi yake imegeuka manjano. Inaelekea zilikaa muda mrefu mahali penye jua.

Nije kwenye majibu niliyopewa. Niliambiwa kwamba "midoli haibadilishwi ikishafunguliwa". Niambieni basi mteja angejuaje kilichomo bila kufungua? Boksi halina dirisha. Halafu kuna jambo ambalo mhudumu hakuligusa kabisa ingawa nilimtumia picha yake: utepe uliofunga boksi ulikuwa wa kawaida wa dukani, wa kahawia, umebandikwa juu ya mabaki ya utepe mwingine unaong'aa. Boksi hili liliwahi kufunguliwa kabla halijanifikia. Sisemi nani alilifungua wala kwa nini. Nasema kwamba fremu za ndege moja haziwezi kuingia zenyewe kwenye boksi lenye kitabu cha ndege nyingine, na kwamba huenda kuna mteja mwingine mahali fulani amefungua boksi la F-13 akakuta MF yangu.

Niliambiwa pia kwamba ni mimi peke yangu niliyelalamika. Inawezekana. Huku Dodoma tunaofanya kazi hii ni wachache, duka la modeli sijaliona, na wengi wanaoanza ni vijana wanaodunduliza pesa kidogo kidogo. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Alikuwa ameshatafuta chubwi za kuweka ndani ya pua, kama kitabu kinavyoelekeza, ili ndege isikalie mkia. Kijana kama yeye, akiletewa fremu zisizolingana na kitabu, atadhani yeye ndiye hajui kusoma maelekezo. Ataweka boksi uvunguni na hatawaandikia. Ukimya wa namna hiyo msiuhesabu kuwa ni kuridhika.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Sitaki kufika huko. Nataka MF yangu.

Kwa hiyo naomba mniletee seti kamili ya MiG-21MF skeli 1:48, ikiwa na fremu zote, vioo viwili na stika ambazo mmejaribu moja yake majini kabla ya kufunga. Boksi lifunguliwe mbele ya mtu anayejua, fremu zilinganishwe na kitabu, ndipo lifungwe. Mkinitumia picha ya fremu ya vioo na ya nusu za kiwiliwili nitawathibitishia siku hiyohiyo. Gundi ije nyingine, imefungwa peke yake. Seti niliyonayo nitairudisha yote, pamoja na bawa lililoyeyuka, lakini nauli ya kwenda na kurudi iwe yenu. Kama MF hamnayo, nirudishiwe shilingi 185,000 na nauli niliyolipa, kwa namba ileile ya simu iliyofanya malipo. Kuponi ya kununua kitu kingine dukani kwenu sitaipokea.

Naomba pia mkague maboksi mengine ya MiG-21 mliyonayo stoo, hasa yenye utepe wa kahawia, kabla hayajauzwa.

Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, kutoka kwako wewe Meneja na si kwa ujumbe wa mhudumu. Nisipolipata, nitapeleka nakala ya barua hii, risiti na picha zote kwa Tume ya Ushindani. Picha nimeziambatanisha: boksi likiwa limefungwa, tepe mbili, fremu zote, bawa la kushoto kwa karibu, na stika iliyovunjika ikiwa bado ndani ya kibakuli cha maji.

Mzigo utakapotumwa, muelekezeni wakala wa basi anipigie kwa namba iliyo kwenye oda. Baada ya saa kumi jioni napatikana, na stendi ya Nanenane haiko mbali na kwangu.

Wako katika biashara,

Mteja wenu,
Ipagala, Dodoma.