Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kilicho Nyuma ya Darubini

Ndugu wanachama,

Darubini yetu ni ile ile ya mwaka jana. Kioo chake hakijaongezeka hata sentimita moja. Kilichobadilika ni kile tulichokifunga nyuma yake, na karibu taarifa yangu yote inahusu hicho. Habari za ada, hesabu na matengenezo ya kuba mtazisikia kwa mweka hazina na katibu.

Spektrografu tuliyoichangia, yaani chombo cha kutawanya mwanga wa nyota katika rangi zake, ilianza kazi mwaka huu. Kabla yake tulikuwa watu wa picha: kamera, vichujio, na usiku kucha juu ya nebula moja. Picha naipenda na sitaiacha. Inakuonyesha kitu kiko wapi, kina umbo gani, kinang'aa kiasi gani. Lakini ukitaka kujua kimeumbwa na nini, kina joto gani, kinakujia au kinakukimbia, huna budi kuuchambua mwanga wake rangi kwa rangi, kwa kuwa kila elementi huacha mistari yake yenyewe katika rangi hizo. Heliamu ilijulikana hivyo: mstari wake ulionekana katika mwanga wa Jua mwaka 1868, na mkemia William Ramsay akaja kuipata hapa duniani mwaka 1895.

Jaribio la kwanza tulilifanya mchana, darubini ikitazama anga tupu la buluu, mbali na Jua lenyewe. Mwanga ule ni wa Jua, umerudishwa tu na hewa. Kwenye skrini, katikati ya manjano, ikajitokeza mistari miwili myeusi, myembamba kama unywele, imesimama bega kwa bega: sodiamu, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 589.0 na 589.6. Ni ile ile iliyomo katika michoro aliyoianza Joseph von Fraunhofer mwaka 1814, naye akaipa herufi D. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyezungumza.

Baada ya hapo tukaingia kwenye kosa ambalo ni haki yenu kulisikia lote. Tulichagua kuifuatilia Gamma Cassiopeiae, nyota ambayo Angelo Secchi aliuona mstari wake wa hidrojeni mwaka 1866 ukiwaka badala ya kuwa mweusi. Tulilenga mstari mwekundu, nanomita 656.28, tukapima kasi ya nyota usiku baada ya usiku, kwa maana nyota ikitujia au ikitukimbia mstari wake huhama kidogo. Mstari ulikuwa unahama. Tulifurahi, tukaanza hata kupanga jinsi ya kuyatangaza matokeo. Kwenye mstari huo, ndugu zangu, kosa la sehemu moja ya kumi ya nanomita ni sawa na kilomita 46 kwa sekunde.

Aliyetuamsha ni kijana aliyejiunga mwaka huu huu. Kandokando ya mstari wa hidrojeni kuna mistari midogo ya mvuke wa maji, ambayo haitoki kwenye nyota bali kwenye angahewa letu. Akauliza: mbona nayo inahama pamoja na ile ya nyota? Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu haiendi kilomita makumi kwa sekunde. Kilichokuwa kikihama ni chombo chetu. Kadiri usiku unavyopoa chuma kinajikunja, na darubini ikigeuka, spektrografu iliyoning'inia nyuma yake inajipinda kidogo. Taa ya neoni, ambayo mistari yake ndiyo rula yetu, tulikuwa tukiipiga picha mara moja tu, jioni. Ratiba hiyo niliiandika mimi, na vipimo vyote vya kasi vya msimu ule tumevifuta.

Imeniuma, kwa sababu jibu lilikuwepo siku nyingi. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz waliitambua sayari ya nyota 51 Pegasi kwa kioo cha mita 1.93 tu, kule Haute-Provence, Ufaransa. Nyota ile, ikivutwa na sayari yake, inayumba kwa kasi ya kama mita 60 kwa sekunde. Spektrografu yao, ELODIE, haikuning'inia kwenye darubini. Mwanga uliletwa kwa uzi wa kioo, na uzi wa pili ulileta mwanga wa taa ya thoriamu wakati huo huo, rula na nyota vikipigwa picha pamoja. Spektrografu nyingine, HARPS, iliyoanza kazi La Silla, Chile, mwaka 2003, imefungiwa ndani ya ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, na joto lake linadhibitiwa kwa kiwango cha sehemu ya mia ya digrii. Inapima mwendo wa mita moja kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

Upande wa kamera niseme machache. Zile pete hafifu zilizokuwa zikiharibu picha zetu ni vivuli vya chembe za vumbi kwenye kioo cha kamera. Tangu tuanze kupiga picha za anga la magharibi linapoingia giza, na kuzigawanya picha za usiku kwa hizo, pete zimetoweka. Anayesahau hatua hiyo anapoteza usiku wake.

Baadhi yenu mmeniandikia mkitaka tuchangie kioo kikubwa zaidi. Nawaelewa, ila siungi mkono, si kwa mwaka ujao. Hata chombo kama MUSE, kwenye darubini kubwa ya Paranal, Chile, kinachotoa spektra (mwanga uliotawanywa katika rangi zake) kama 90,000 kwa mkupuo mmoja, kila nukta ya picha na spektra yake, kingekuwa bure bila taa za kukisahihisha. Mwanga wa kutosha tunao. Tunachokosa ni uhakika wa vipimo.

Kwa hiyo kamati inaleta kwenu mapendekezo mawili ya kupigiwa kura. Kwanza, taa ya neoni iwashwe kabla na baada ya kila nyota, na picha isiyo na taa zake isiingizwe kwenye kumbukumbu za chama. Pili, akiba iliyopo itumike kununua uzi wa kioo, ili spektrografu ishushwe kutoka kwenye darubini na kuwekwa ndani ya sanduku lenye joto lisilobadilika, chini ya sakafu ya kuba. Gamma Cassiopeiae tutaianza upya msimu wake ukifika.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti